Jicho jekundu lisilo na matongotongo: mara ya tatu ndipo nikaulizwa habari za mgongo

Mlinzi wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Uzi huu nimekaa nao kichwani zaidi ya mwaka. Ninamwandikia mtu ambaye hapa tulipo ana chupa ya matone mfukoni, jicho jekundu, amejifungia kwenye chumba chenye giza mchana kweupe, na kila anayemwona anamwambia "ni macho mekundu tu, yatapita." Yangu yalipita mara mbili. Mara ya tatu yaligoma.

Mara ya kwanza niliamka jicho la kushoto likiwa zito, kama mtu aliyekesha amelikandamiza kwa kidole gumba. Kufika mchana lilikuwa limeiva. Ila wekundu wenyewe ulikaa kwa namna nisiyoijua. Pembeni, kuelekea kwenye kope, weupe ulibaki weupe. Wekundu ulikuwa umelizunguka lile duara la katikati kama pete. Mwanga ndio ulionitesa. Mtu akifungua mlango tu, machozi yananitiririka. Na kuna jambo sikuwa nimewahi kuliona: nikilifunika jicho bovu kwa kiganja na kutazama taa kwa jicho zima, linalouma ni lile lililofunikwa. Baadaye nilielezwa sababu. Mboni za macho mawili husinyaa pamoja hata mwanga ukiingia upande mmoja, na misuli ya jicho lenye uvimbe ikijivuta, inauma.

Matongotongo hayakuwepo. Kope hazikugandana asubuhi. Halikuwasha. Nilipewa matone ya antibayotiki, nikaambiwa niwe na taulo yangu peke yangu nisije nikawaambukiza wa nyumbani. Baada ya wiki tano hivi likatulia, nikaishukuru dawa.

Miezi saba baadaye, jicho la kulia. Maumivu yale yale, matone yale yale.

Mara ya tatu likarudi la kushoto, na hapo binti yangu ndiye aliyeniokoa. Alikaa mbele yangu, akanitazama kwa muda, akasema, "Baba, hicho kiduara cheusi cha jicho lako si duara tena. Kimechongoka huku chini." Nikaenda kwenye kioo. Kweli. Mboni ilikuwa imevutwa upande mmoja kama tundu la kifungo lililoraruka.

Siku hiyo nilionwa na daktari bingwa wa macho. Kuna ile mashine unayoweka kidevu na kuegemeza paji la uso, yeye anakaa upande wa pili anakumulika kwa mwanga mwembamba kama uzi. Alizima taa za chumba, akakaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza: umewahi kuona vumbi likielea kwenye mwale wa jua unaopenya tundu la dirisha? Akasema hicho ndicho anachokiona ndani ya jicho langu. Tofauti ni kwamba kile hakikuwa vumbi, zilikuwa chembe nyeupe za damu, zikielea kwenye maji ya mbele ya jicho, mahali ambapo kwa mtu mzima wa afya hutakiwi kuziona. Wao huzihesabu kwenye mwanga wa milimita 1 kwa 1 na kuupa uvimbe alama hadi 4. Wangu aliupa 3. Ile mboni iliyochongoka ilikuwa imenata kwenye lenzi iliyo nyuma yake, maana uvimbe ukiachwa huacha utando unaoshika kama gundi.

Ugonjwa unaitwa yuveitisi, yaani uvimbe wa yuvea, lile tabaka la katikati la jicho lenye mishipa mingi ya damu. Kwa mbele ndiyo ule mviringo wenye rangi unaozunguka mboni, kwa nyuma linapita chini ya retina, ule utando unaopokea picha.

Halafu, huku anaandika, akauliza: "Mgongo wako unakuwaje ukiamka asubuhi?"

Wakuu, nilinyamaza. Kwa miaka sita, tangu nina miaka 26, nilikuwa naamka saa tisa au saa kumi usiku, kiuno kinauma, nashindwa hata kugeuka. Nikisimama nikazunguka chumbani, kinaachia. Asubuhi nilikuwa nimekakamaa kama ubao karibu saa nzima. Nikifanya kazi za nguvu kinapungua, nikipumzika kinazidi. Nilibadilisha godoro. Nilifika mahali nikajiona mvivu. Hakuna mtu, mimi mwenyewe nikiwemo, aliyewahi kuwaza kwamba jicho na kiuno vinaugua ugonjwa mmoja.

Akanieleza kitu ambacho ningependa kila mwenye kuumwa mgongo akijue. Mgongo wa kuchoka huuma ukifanya kazi, hupoa ukilala. Mgongo wenye uvimbe unaotokana na kinga ya mwili hufanya kinyume: huanza polepole, mara nyingi kabla ya miaka 45, hudumu zaidi ya miezi 3, hukuamsha nusu ya pili ya usiku, na hupata nafuu kwa mwendo.

Nikatumwa kwa daktari wa magonjwa ya viungo. Picha ya MRI ilionyesha uvimbe kwenye maungio kati ya uti wa mgongo na nyonga. Kipimo cha damu cha HLA-B27, jeni inayohusishwa na ugonjwa huu, kikasema sina. Hili nalisema kwa makusudi, kwa sababu kuna watu wameambiwa "huna hiyo jeni, kwa hiyo huna ugonjwa," wakarudishwa nyumbani. HLA-B27 ilihusishwa na ugonjwa huu wa mgongo mwaka 1973, na kwa watu wenye asili ya Ulaya karibu nusu ya wanaopata yuveitisi ya ghafla ya mbele ya jicho wanayo. Kwa Waafrika walio kusini mwa Sahara jeni hiyo ni adimu, lakini ugonjwa upo bila hiyo. Na upande wa pili, wengi wanaozaliwa nayo hawaugui maisha yao yote. Kipimo ni ushahidi mmoja tu mezani.

Kuna utafiti wa Dublin, Ireland, ambapo watu waliofika kwa jicho la namna hii walichunguzwa na viungo pia. Kama 40 kati ya kila 100 walikutwa na ugonjwa wa viungo wa kundi moja na huu wa mgongo wangu, na walikuwa hawajui. Niliposoma hivyo nilikaa chini. Jicho langu lilikuwa limesema mara mbili kabla ya mtu kulisikiliza.

Mwenye kisa kama hiki akiweke hapa.

Swali Dogo

Pole sana mkuu. Mimi nauliza kama mtu wa kawaida: nitatofautishaje hili na macho mekundu ya kuambukizwa? Maana tukimkimbilia bingwa kila jicho likiwasha tutajaza foleni bure.

Nesi wa Macho

Naomba nijibu, nimekaa kliniki ya macho miaka mingi.

Neno lako lenyewe limekusaidia: "likiwasha". Jicho linalowasha, lenye matongotongo, kope zinagandana asubuhi, likaanza moja kisha la pili likafuata siku mbili baadaye, na ukifuta uchafu unaona vizuri, mara nyingi ni maambukizi au mzio wa ngozi laini ya juu. Jicho linalouma kwa ndani, linalochukia mwanga, linaloona ukungu, upande mmoja, bila uchafu, hilo linaonwa siku hiyo hiyo. Ukiona vijidoa au nyuzinyuzi zinaelea mbele ya macho kwa wingi usiouzoea, nalo vilevile, hata kama jicho ni jeupe na haliumi. Uvimbe wa nyuma ya jicho mara nyingi hauleti wekundu.

Sasa jambo linaloniumiza moyo. Watu wananunua matone ya steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe, bila kupimwa kwa sababu jirani alipewa akapona. Steroidi ndiyo dawa sahihi ya yuveitisi nyingi, sibishi. Lakini virusi vile vile vinavyoleta malengelenge ya mdomoni vinaweza kuchimba kidonda kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Ukipaka rangi maalumu na kumulika kwa mwanga wa bluu unakiona kimetawanyika kama matawi ya mti. Tia steroidi hapo, siku mbili tatu mgonjwa atakuambia anajisikia nafuu, na huku kidonda kinatambaa. Nimeona konea iliyotoboka. Mwenye jicho alikuwa kijana wa miaka 22, na chupa aliazimwa na rafiki yake.

Na aliyeandikiwa asiache njiani. Matone ya steroidi kama prednisoloni mwanzoni huwekwa hata kila saa, kisha yanapunguzwa taratibu kwa wiki kadhaa. Wekundu huondoka kabla chembe hazijaisha ndani. Ukiacha kwa kuwa kioo kimekuonyesha jicho jeupe, wiki ya pili unarudi. Yale matone mengine yanayopanua mboni, ambayo watu wanayachukia kwa sababu yanawazuia kusoma, ndiyo yanayozuia mboni isinate kama ya mwanzisha uzi. Hupunguza na maumivu pia, kwa kuipumzisha misuli.

Mlinzi wa Zamu

Nesi, umesema kweli. Yangu ilinata kwa sehemu. Matone ya kupanua yalibandua upande mmoja, upande wa chini umebaki hivyo hadi leo. Gizani mboni ikipanuka inakuwa kama jani.

Fundi Mstaafu

Vijana, mimi nina baridi yabisi mwaka wa 14 sasa. Nimesoma uzi huu nikashtuka. Wiki nzima jicho la kulia linaniuma, si juu juu, ni ndani kwenye mfupa. Maumivu yanashuka hadi taya na sikio, nikadhani ni jino. Yananiamsha usiku. Ukiligusa jicho hata juu ya kope, naruka. Rangi yake haifanani na damu, ni kama zambarau. Vidonge vya maumivu havifui dafu. Ni hii yuveitisi?

Nesi wa Macho

Shikamoo mzee wangu. Naomba usisubiri kesho. Nenda leo, na uwaambie mlangoni kabisa kwamba una baridi yabisi.

Unayoeleza yanafanana zaidi na skleritisi, uvimbe wa lile ganda gumu jeupe la jicho lenyewe. Maumivu ya kuamsha usiku yanayosambaa usoni, na rangi ya kuelekea zambarau, ndiyo sura yake. Daktari anaweza kuweka tone la dawa inayobana mishipa ya juu: wekundu wa juu juu utafifia, wa skleritisi utabaki, kwa kuwa uko chini zaidi.

Ninakuharakisha kwa sababu mbili. Ganda lile linaweza kuliwa hadi likawa jembamba sana. Ya pili ni kubwa kuliko jicho: hadi karibu nusu ya wenye skleritisi wana ugonjwa mwilini unaoisababisha, na kwa mwenye baridi yabisi ya miaka mingi inaweza kuwa dalili kwamba mishipa ya damu imeanza kushambuliwa, na mishipa haiko kwenye jicho peke yake. Matone hayatatosha. Daktari wa viungo itabidi aangalie upya dawa zako zote. Na kama mtu anapata skleritisi bila kuwa na baridi yabisi, huku pua inatoka damu na magamba au mkojo umebadilika rangi, mapafu na figo zipimwe mara moja.

Fundi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kijana wangu ananipeleka sasa hivi.

Nuru Asilia

Nimejifunza mengi. Kumbe tatizo ni kinga. Basi si tupandishe kinga? Mimi natumia virutubisho vya kuongeza kinga kila siku, mwanzisha uzi ungejaribu.

Mlinzi wa Zamu

Ndugu yangu, najua umesema kwa nia njema, na mimi mwenyewe nilianzia hapo. Nilidhani mwili wangu ni dhaifu. Lakini kinga yangu haikupungua. Ilikuwa kali vya kutosha, ila imemkosea adui. Askari wapo, silaha zipo, wameelekeza bunduki kwenye nyumba wanayoilinda. Hapo kuwaongezea risasi hakusaidii. Dawa nilizopewa zinafanya kinyume cha kupandisha.

Na jicho lina habari yake katika jambo hili. Ni moja ya sehemu chache ambazo mwili wenyewe umezifungia kinga nje, kama ubongo, kwa sababu uvimbe mdogo ambao kwenye mguu ungepita bila madhara, ndani ya jicho unaweza kuondoa uwezo wa kuona. Kuta za mishipa yake ya damu zimebana sana, na maji ya jicho yana vitu vinavyozituliza chembe za kinga. Matokeo yake kuna protini za jicho ambazo kinga haijazizoea. Jicho likitobolewa kwa ajali, protini hizo zinamwagika, kinga inazikuta kwa mara ya kwanza na kuziona ngeni. Wiki au miezi baadaye inalishambulia jicho la pili, lile ambalo halikuguswa.

Louis Braille, yule Mfaransa aliyebuni maandishi ya nukta kwa wasioona, alizaliwa mwaka 1809. Akiwa na miaka 3 alijichoma jicho moja kwa chombo chenye ncha kwenye karakana ya ngozi ya baba yake. Alipofikisha miaka 5 alikuwa haoni kwa macho yote mawili. Wengi wa madaktari wa siku hizi wanaamini kwamba ndicho kilichompata. Siku hizi ni nadra, lakini kisa kile hakinitoki kichwani: mtoto ameumia jicho moja, mwili wake ukalimaliza la pili.

Kimya Kingi

Sijawahi kuandika humu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Mimi ilianza na kichwa. Siku nne kichwa kinauma, shingo ngumu, masikio yanalia kama nyenje. Siku ya tano nikaamka naona kama nimetumbukizwa majini, macho yote mawili. Nikahofia homa ya uti wa mgongo, nikafikiria hata uvimbe wa ubongo. Daktari wa macho alipotazama nyuma ya jicho akakuta maji yamejaa chini ya retina, imeinuka. Akanibonyeza bonyeza kichwani akaniuliza kama nywele zinauma nikizigusa. Zilikuwa zinauma.

Unaitwa ugonjwa wa Vogt-Koyanagi-Harada, kwa majina ya madaktari watatu. Kinga inashambulia chembe zinazotengeneza rangi ya mwili. Sikujua kwamba chembe hizo hazipo kwenye ngozi tu: zipo kwenye jicho, ndani ya sikio, kwenye nywele, na kwenye utando unaofunika ubongo. Ndiyo maana vyote viliugua pamoja. Huwapata zaidi watu wenye ngozi ya rangi kuliko weupe. Nilipewa steroidi kwa wingi mapema, nikaendelea na vidonge miezi mingi. Baada ya miezi mitatu kope zangu za jicho la kushoto ziligeuka nyeupe, kama zimepakwa chokaa, na mabaka meupe mawili shingoni. Watu wananiuliza kope zimefanya nini. Mimi nazitazama kwa kioo na ninaziona moja moja, ndicho ninachoshukuru.

Swali Dogo

Kimya Kingi, ahsante kwa kuandika. Mungu akulinde.

Naomba niongeze la kwangu. Ndugu yangu alipopatwa na uvimbe wa jicho walimpima kaswende, UKIMWI na kifua kikuu kabla ya kitu kingine chochote. Alikasirika sana, akaona wamemdharau. Ilikuwa lazima?

Nesi wa Macho

Ilikuwa lazima, na mwambie hakuna aliyemdharau. Kaswende inaweza kuleta uvimbe wa jicho wa sura yoyote ile, na yenyewe inatibika kwa antibayotiki. Kifua kikuu vilevile kinaingia jichoni. Mkanda wa jeshi wa usoni pia. Ukimpa mtu wa namna hiyo dawa za kushusha kinga peke yake ukidhani ni kinga inayojishambulia, umemfungulia vijidudu mlango. Hata baadaye, akifika kwenye sindano za kushusha kinga kama adalimumabu, anapimwa tena kifua kikuu kilicholala, kwa sababu dawa hizo zinaweza kukiamsha. Picha ya kifua inasaidia mara mbili: inaonyesha kifua kikuu, na inaonyesha tezi zilizovimba za sarkoidosisi, ugonjwa mwingine wa kinga unaopenda jicho na mapafu.

Mumuulize pia kama hupata vidonda vya mdomo vinavyojirudia, na vya sehemu za siri. Kama vipo, ataje, hata kama anaona aibu. Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Uturuki, mwaka 1937 aliandika juu ya wagonjwa wenye vitu hivyo viwili pamoja na jicho, na ugonjwa ukabeba jina lake. Ule unaweza kupofusha usipokamatwa mapema. Soriasisi (ugonjwa wa ngozi yenye mabaka ya magamba), kuharisha damu kwa muda mrefu, goti lililovimba baada ya kuharisha au baada ya maambukizi ya njia ya mkojo, vyote vitajwe. Mgonjwa haoni vinahusiana nini na jicho, kwa hiyo havitaji mpaka aulizwe.

Mama Pili

Naomba msaada wenu. Mwanangu ana miaka 4, msichana. Tangu miezi mitano goti lake moja limevimba, asubuhi anachechemea, mchana anakimbia. Daktari wa watoto akasema ni ugonjwa wa viungo wa utotoni, akanipa na karatasi ya kumpeleka macho kila miezi 3. Mtoto macho yake ni meupe pee, halalamiki, anaokota hata sindano chini. Sijampeleka. Nilifikiri wamekosea kuandika. Je, niende kweli?

Nesi wa Macho

Mama Pili, hawakukosea. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu hili ndilo ninalolihofia kuliko yote yaliyosemwa humu.

Mwanzisha uzi alipata jicho linalopiga kelele. La mtoto kama wako halisemi chochote. Uvimbe unaingia mbele ya jicho taratibu, hakuna wekundu, hakuna maumivu, mwanga haumsumbui. Chembe zinaelea mle ndani miezi kwa miezi. Mtoto wa miaka 4 hajui kwamba anaona ukungu, kwa sababu hana cha kulinganisha, na likiwa bovu jicho moja atatumia lingine. Mzazi anagundua pale mboni inapoonekana nyeupe kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, au mtoto anapopimwa macho shuleni. Wakati huo tunakuta mboni imenata, presha ya jicho imepanda, na mstari wa chokaa umejipanga kukatiza konea.

Kati ya watoto wenye ugonjwa huu wa viungo, kama 10 hadi 20 kwa 100 hupata uvimbe wa jicho. Walio kwenye hatari kubwa ni hasa wadogo chini ya miaka 7, wenye viungo vichache vilivyovimba, na kipimo cha damu kiitwacho ANA kikiwa chanya. Mwulize daktari kama kilifanyika. Hata goti likipona kabisa, jicho linaweza kuanza au kuendelea, havifuatani. Ndiyo maana ratiba inafuata kalenda, haingojei dalili. Na tochi haitoshi, wala kumtazama kwa macho tu. Ni ile mashine ya kuweka kidevu. Akikataa, mpakate, mwache ashike vishikio mwenyewe kama anaendesha baiskeli. Wengi wanakubali hivyo.

Na wakikuta kitu, usivunjike moyo. Matone yapo, kisha methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, kisha adalimumabu. Huko Uingereza walijaribu kuongeza adalimumabu juu ya methotreksati kwa watoto wa aina hii, matokeo yakatolewa mwaka 2017: waliopewa walifanya vizuri kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake.

Mlinzi wa Zamu

Mama Pili, mpeleke tafadhali. Mimi nina binti pia.

Fundi Mstaafu

Nimerejea. Ilikuwa ni hiyo hiyo skleritisi. Wamenilaza siku tatu, steroidi kwenye mshipa, na daktari wa viungo alikuja pale pale kitandani. Amesema mishipa yangu ya vidole pia ina dalili, akanionyesha vidoa vyeusi kando ya kucha ambavyo mimi nilidhani ni vya kazi ya zamani. Dawa zote zimebadilishwa. Jana nililala hadi alfajiri. Nesi, Mungu akuzidishie.

Nesi wa Macho

Mzee wangu, nimefurahi sana. Ukiambiwa steroidi zinapunguzwa, zipunguze kwa hatua walizokuandikia, usiruke hata moja. Na presha ya jicho ipimwe kila unapokwenda.

Mama Pili

Nimetoka kliniki sasa hivi. Alikaa mapajani kwangu, akashika vishikio, akatulia kweli. Jicho la kushoto halina kitu. La kulia daktari amekuta chembe, amezipa alama 1, na mboni bado haijanata. ANA ni chanya. Tumeanza matone leo, tunarudi baada ya wiki mbili. Nimeketi naye hapa dirishani, namtazama jicho hilo kwa karibu kabisa. Ni jeupe kama la jana.